Moto Umepita Msituni: Namna ya Kupima Makali Yake na Kujua Kipi Kitaota

Kila mwaka, Agosti ikifika na nyasi kukauka, maswali huwa yaleyale. Msitu wetu wa kijiji umeungua, tupande miti gani? Mbegu zilizokuwa ardhini zimekufa zote? Hii miti iliyosimama mikavu tuikate kuni kabla haijaoza?

Jibu langu ni moja: usipande na usikate mpaka upime. Nimeona kamati za maliasili za vijiji zikitumia fedha na nguvu za watu kupanda miche mahali ambapo mizizi ya chini ilikuwa hai na ingechipua yenyewe. Nimeona pia watu wakikaa miaka mitatu wakisubiri msitu urudi katika udongo uliookwa kama tofali, ambao hauna tena mbegu wala mzizi. Wote hao walikosa kazi ya siku mbili, na hiyo ndiyo nitakayokuonyesha hapa.

Mwongozo huu ni wa miombo, yaani msitu wa mtundu, mtondoro, mninga na wenzao, ulioenea Tabora, Katavi, Songwe, Ruvuma, Lindi na kuvuka mpaka hadi Zambia na Msumbiji. Usiutumie kwa misitu mibichi ya milimani kama Usambara na Udzungwa. Miti mingi ya kule ina gome jembamba na haijazoea moto hata kidogo. Usiutumie pia kwa ukanda wa juu wa Kilimanjaro uliowaka Oktoba 2020. Huko kuna udongo wenye mabaki mengi ya mimea yaliyorundikana, na wenyewe huweza kuendelea kufuka chini kwa chini. Hapo hesabu inabadilika.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Tofautisha nguvu ya moto na makali yake. Nguvu ni miali na joto wakati moto unawaka. Makali ni madhara yaliyobaki ukishazimika. Moto wa nyasi unaweza kuwa na miali inayompita mtu urefu, ukapita kwa dakika chache, na sentimita mbili au tatu chini ya ardhi joto likapanda kidogo tu. Gogo linalofuka usiku kucha halina miali ya kumtisha mtu, lakini chini yake kila mbegu na kila mzizi umeiva. Kwa hiyo maelezo ya "moto ulikuwa mkubwa sana" hayakusaidii. Soma alama zilizobaki.

Vitu vya kuandaa

- Kamba ya mita 10 na kigingi
- Fremu ya mita 1 kwa mita 1, ya vijiti au fito zilizofungwa
- Rula, au kipimo cha fundi kama unacho
- Kisu kidogo chenye makali
- Mwiko wa fundi uashi au jembe dogo
- Chupa ya maji na bomba la sindano lisilo na sindano
- Bahasha za karatasi au magazeti ya kufungia udongo. Usitumie mifuko ya plastiki, kwa sababu udongo wenye unyevu huoza humo
- Trei au madishi yenye matundu chini, na mchanga wa mtoni uliooshwa
- Daftari, kalamu ya risasi, na simu yenye kamera na ramani
- Buti, suruali ndefu na kitambaa cha kufunika pua

Nenda ndani ya wiki mbili baada ya moto. Upepo wa Septemba hupeperusha majivu, na mvua ya kwanza huyafuta yote.

Tahadhari: usiingie peke yako. Miti iliyoungua shinani huanguka bila upepo, na mizizi inayofuka huacha mashimo yaliyofunikwa na majivu. Ukiona moshi mwembamba unatoka ardhini, zunguka mbali na ukanyage pole.

Hatua kwa hatua

1. Ulizia historia kabla ya kugusa majivu. Moto ulipita tarehe gani, mchana au usiku, ukipanda mlima au ukishuka, ukifuata upepo au ukienda kinyume chake? Warina asali na wachungaji ndio wanaojua. Kama hakuna aliyeuona, mfumo wa bure wa NASA uitwao FIRMS huonyesha kwenye ramani siku ambayo setilaiti iliona moto eneo hilo. Uliza pia mara ya mwisho eneo hilo liliungua lini. Msitu uliokaa miaka mitano bila moto una nyasi, matawi na magogo mengi yaliyolala, na moto wake huwa wa aina nyingine kabisa.

2. Chagua vituo. Simamisha kigingi, funga kamba ya mita 10, tembea duara. Hicho ni kituo kimoja, chenye mita za mraba 314. Weka vituo visivyopungua vitano, na angalau kimoja kiwe mahali ambapo moto haukufika, ili upate cha kulinganisha. Kosa la kawaida ni kuchagua pale palipoungua vibaya zaidi kwa sababu ndipo panapovuta jicho, au kubaki kandokando ya barabara. Amua umbali kabla, kwa mfano kila hatua 200 kwenye mstari mmoja, na popote mguu utakapofika simamisha kigingi hapohapo hata kama pamekuchosha macho.

3. Soma majivu. Hii ndiyo hatua yenye habari nyingi kuliko zote, usiikimbie. Ndani ya kila duara tupa fremu mara nne, mara moja katika kila robo ya duara, na uandike alama ya kila fremu:

Alama 0: hakuna kilichoungua.

Alama 1: majani makavu ya juu yameungua, lakini ya chini bado unayatambua ni ya mti gani. Mashina ya nyasi yamesimama. Mbegu nyingi za ardhini ziko salama.

Alama 2: majani yote ya chini yamekuwa mkaa mweusi. Ukifukua kwa kidole, udongo una rangi yake ya kawaida na vijizi vyembamba vya nyasi havijaungua. Mbegu zilizokuwa juu kabisa zimekufa, zilizofunikwa kidogo zimepona, na zile zenye ganda gumu huenda zimefunguliwa na joto.

Alama 3: majivu ya kijivu au meupe, laini kama unga. Mashina ya nyasi yameliwa hadi usawa wa ardhi. Ukifukua, vijizi vya sentimita ya kwanza ni vyeusi.

Alama 4: chini ya majivu meupe, udongo umegeuka rangi ya matofali. Hapo joto lilifika mamia ya nyuzi na likakaa. Karibu kila mara utaikuta alama hii kwa umbo la gogo au kisiki kilichokuwepo, ndefu na nyembamba kama kivuli cha mti.

Tahadhari: udongo mwekundu wa asili humdanganya mgeni. Fukua hatua mbili pembeni na ulinganishe. Ikiwa wekundu uko kila mahali na kila kina, huo ni wa ardhi, si wa moto.

4. Pima vijiti vilivyobaki. Moto mdogo hula ncha nyembamba tu, na kadiri makali yanavyozidi ndivyo unavyokuta vijiti vinene zaidi vimeliwa. Tafuta vichaka kumi vya aina moja, na kwenye kila kimoja pima unene wa ncha nyembamba kabisa iliyobaki. Andika wastani. Milimita 2 na milimita 12 ni habari mbili tofauti, na kipimo hiki hakipeperushwi na upepo kama majivu. Ukichelewa kufika, kitegemee hiki zaidi.

5. Tazama juu. Andika weusi wa gome umefika urefu gani, kisha majani yaliyobabuka kwa joto yamefika urefu gani. Hivi ni vipimo viwili, usivichanganye. Na usihesabu kila mti usio na majani kuwa umebabuka, kwa sababu miombo hupukutisha majani kiangazi hata bila moto. Jani lililobabuka hubaki tawini, kahawia, mara nyingi limelala upande upepo ulikoelekea.

6. Dondoshea tone la maji. Ondoa majivu taratibu, dondosha tone moja la bomba la sindano juu ya udongo, hesabu sekunde. Likizama ndani ya sekunde 5, sawa. Likikaa kama shanga kupita hapo, udongo umeanza kukataa maji. Rudia sentimita moja chini, kwa sababu mara nyingi tabaka linalokataa maji halipo juu bali limejificha kidogo. Sehemu kama hiyo kwenye mteremko itapoteza mbegu kwa mmomonyoko mvua ya kwanza ikinyesha, hata kama mbegu zenyewe zilipona moto.

7. Kwangua gome shinani. Chukua miti kumi kila kituo, wakubwa kwa wadogo. Karibu kabisa na ardhi kwangua kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kukiwa na unyevu na rangi ya kijani kibichi au nyeupe inayong'aa, mti uko hai. Kahawia mkavu unaonuka kama mbao iliyochacha maana yake upande huo umekufa. Jaribu upande wa pili kabla ya kuhukumu. Usizungushe kisu mti mzima, maana utakuwa umeua kile ambacho moto ulikiacha.

Hapa nina neno kwa wenye haraka ya kuni. Mti wa miombo uliokufa juu mara nyingi uko hai chini, na chipukizi zake zinatoka shinani na mizizini. Mtundu hutoa majani mapya mekundu hata kabla ya mvua, Septemba na Oktoba. Mwaka mmoja niliandika daftarini miti 31 kuwa imekufa, na niliporudi Novemba 24 kati yake ilikuwa na majani. Laiti kijiji kingefuata daftari langu, ingekuwa imeshakatwa. Subirini hadi mvua zikolee.

8. Chukua udongo wenye mbegu. Kutoka kila daraja la makali ulilolikuta, na kutoka pale pasipoungua, chota udongo wa eneo la sentimita 20 kwa 20, tabaka mbili mbalimbali: sentimita 0 hadi 2, na sentimita 2 hadi 5. Usizichanganye, kwa sababu tofauti ya tabaka hizi mbili ndiyo inayokuambia joto lilifika wapi. Andika kila bahasha mahali, alama na kina.

Nyumbani, jaza trei mchanga hadi nusu, tandaza udongo wako juu kwa unene wa sentimita moja, mwagilia kila asubuhi, weka kwenye kivuli chepesi. Andaa pia trei moja ya mchanga mtupu. Hiyo ni shahidi: chochote kitakachoota humo kimeletwa na upepo au ndege, na utakipunguza katika hesabu ya trei nyingine. Hesabu kila wiki kwa miezi mitatu, ng'oa kila ulichokwisha kukitambua, na katikati ya kipindi tibua udongo mara moja ili mbegu za chini zipate mwanga.

Usitegemee kuona mtundu wala mtondoro humo kwa wingi. Mbegu zao hurushwa na maganda yanayopasuka kiangazi, hulala juu ya ardhi, huota mvua zikianza, na hazikai udongoni miaka na miaka. Moto wa Septemba ukizikuta chini zimeshaanguka, uzao wa mwaka huo umekwenda. Trei zitaota nyasi, mimea midogo, na jamii za mikunde zenye ganda gumu.

9. Fanya jaribio la debe. Hili si la lazima, lakini ukilifanya mbele ya wanakijiji hutahitaji kuhutubia. Kata debe mbili, zijaze udongo mkavu hadi sentimita 15. Chukua mbegu za mgunga au mti mwingine wa ganda gumu. Katika kila debe weka mbegu 25 sentimita 5 chini, 25 sentimita 2 chini, na 25 juu, kila kundi likiwa juu ya kipande cha wavu wa chuma ili uzipate tena. Debe la kwanza lichomee nyasi kavu juu yake, mara moja. La pili liwashie kuni ziwake saa nzima. Fanyia kwenye uwanja uliofagiwa, maji yakiwa tayari. Kuwasha moto msituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002.

Debe zikipoa, toa mbegu, zipande kwenye mchanga pamoja na 25 ambazo hazikuona moto, na hesabu kwa siku 30. Kwa kawaida mbegu za ganda gumu hulegezwa na joto la nyuzi 80 hadi 100 kwa dakika chache, na likipita hapo nyingi hufa. Ndiyo maana katika debe la nyasi unaweza kukuta mbegu zilizozikwa kidogo zikiota vizuri kuliko zile ambazo hazikuguswa, na katika debe la kuni usikute kitu juu.

Siku ya 30 fukua ambazo hazikuota. Ikiwa ngumu kama changarawe, bado imelala, haikufa. Ipasue kidogo pembeni kwa kikata kucha na uiloweke utaona. Ikiwa laini na inatoa uji, imekufa. Ukizihesabu zote pamoja kama "hazikuota" umepoteza nusu ya jibu.

Moshi nao una kazi yake. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba moshi peke yake, bila joto, huamsha mbegu za baadhi ya mimea ya huko. Ukitaka kujaribu, pitisha moshi wa nyasi kwenye maji, kisha yachuje na kuyapunguza makali kwa maji safi mara 10 na mara 100. Maji ya moshi mazito huzuia mbegu badala ya kuziamsha.

10. Rudi mvua zikiisha, Aprili au Mei, uhesabu. Katika duara lilelile la mita 10 hesabu vitu vitatu mbalimbali: chipukizi za visiki, chipukizi za mizizi, na miche ya mbegu. Ukitilia shaka, fukua mmoja au wawili. Mche wa mbegu wa mwaka huu una mzizi mmoja mwembamba unaoshuka, na huenda bado una alama za majani ya kwanza. Chipukizi la mzizi limeshikana na mzizi mnene unaolala. Na kuna cha tatu kinachowachanganya hata wazoefu: kimea kidogo chenye mzizi mnene kama karoti. Hicho si cha mwaka huu. Ni mche wa miaka kadhaa ambao kila kiangazi hufa juu na kuchipua tena.

Kupata idadi kwa hekta, zidisha hesabu ya duara kwa 31.8. Ukikuta chipukizi 12, ni kama 382 kwa hekta.

11. Sasa amua. Palipo na alama 1 na 2, usipande kitu, lindeni. Alama 3, subiri mvua moja na uhesabu. Mara nyingi miti mikubwa inachipua na pengo liko kwenye miche tu. Alama 4 ndipo mahali pa kazi ya mikono: lainisha udongo kwa jembe, tandaza matawi kuzuia maji kukimbia, na utie mbegu za miti ileile ya hapo. Usilete mikaratusi.

Adui sasa ni moto wa pili. Chipukizi la mwaka mmoja liko chini ya kimo cha miali ya nyasi, na likiungua kila Septemba litabaki kimo hicho maisha yake yote. Huko Ndola, Zambia, tangu miaka ya 1930 walitenga mashamba ya miombo: mengine yakichomwa mapema, mengine mwishoni mwa kiangazi, mengine yakilindwa kabisa. Yaliyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka yalipoteza miti yake mikubwa na kuwa nyasi, yaliyolindwa yakafunga kwa miti. Kwa hiyo, kwa kibali na pamoja na afisa misitu, choma mapema kanda za kukingia, Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, na utengeneze barabara ya moto, yaani ukanda uliosafishwa usio na cha kuungua, kuzunguka eneo lililoungua. Zuieni pia ng'ombe msimu wa kwanza, kwa sababu majani mabichi juu ya ardhi nyeusi huwaita kutoka mbali.

Mambo yakienda kombo

Trei ya pale pasipoungua nayo haikuota kitu. Kabla ya kulaumu moto, tazama umwagiliaji na unene: udongo uliotandazwa sentimita 3 au 4 huficha mbegu ndogo zisione mwanga. Upunguze, subiri mwezi mwingine.

Ukungu mweupe umefunika trei. Maji mengi, hewa kidogo. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba, ruka siku moja moja, na uisogeze trei penye upepo.

Alama za majivu ni 3 lakini vijiti ni milimita 2. Huenda fremu iliangukia penye tawi lililofuka. Tupa fremu nyingine nne. Zikibaki vilevile, amini vijiti kwa habari ya vichaka na majivu kwa habari ya mbegu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Miche ya mninga iliyoota vizuri Januari imekauka yote Julai. Usiing'oe. Mninga mchanga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku ukijenga mzizi, na huchipua tena mvua zikirudi. Weka kigingi kando ya kila mmoja na uhesabu Desemba.

Ramani ya setilaiti inasema makali ni madogo, wewe umeona majivu meupe. Ramani hizo hulinganisha picha ya kabla ya moto na ya baada yake na kutoa namba ya mabadiliko (dNBR). Mipaka ya 0.27, 0.44 na 0.66 inayotumika kuigawa namba hiyo katika madaraja ilitokana na misitu ya Amerika Kaskazini, na kwenye nyasi za miombo alama ya moto hufifia ndani ya wiki chache majani yakichipua. Tumia picha iliyopigwa siku za karibu na moto, ichukue kama ramani ya wapi pa kwenda, na daraja uliandike kutokana na ulichokifukua mwenyewe.

Hakuna hata kipande kisichoungua cha kulinganisha. Tafuta juu ya vichuguu, kandokando ya mawe na nyuma ya miamba. Moto huacha visiwa, hata kama ni vya mita mbili. Na ukivipata viandike kwenye ramani, kwa kuwa mbegu za mwakani zitatoka hapo.

Mvua imeisha na duara lina nyasi tupu, hakuna chipukizi hata moja. Rudi kwenye daftari uone kama ni alama 4, kama udongo ulikataa maji, au kama mifugo ilipita. Kagua mashina karibu na ardhi: chipukizi lililoliwa huacha kikonyo kilichokatika. Ukikuta vikonyo, mzizi uko hai na kinachohitajika ni uzio wa miiba, na kazi ya kupanda ibaki kwa sehemu zenye alama 4.